Tulimchagua Shemeji Yangu, Sasa Anataka Kuhama

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana nimeharibu jambo ambalo sijui kama linatengenezeka, na kila siku ninayokaa kimya linazidi kuharibika, na mahali lilipoanzia ni kwenye kaunta ya duka langu mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja na nina duka la kijiji, ambalo asubuhi linauza mkate na mchana linapokea barua na vifurushi kwa sababu posta yetu ilifungwa zamani, kwa hiyo hakuna mtu kijijini asiyepita mbele yangu angalau mara mbili kwa wiki. Mdogo wangu Regula ameolewa na Ambros Bissig, fundi wa kigari cha kamba kinachopandisha watu mlimani na kushusha maziwa kutoka malishoni. Wana watoto wawili, na mama yetu mwenye miaka themanini na minne anakaa katika chumba cha chini cha nyumba yao. Majina utayabadilisha upendavyo.

Nataka kwanza ujue Ambros alivyokuwa zamani, ili usimdhanie kuwa mtu wa kulalamika tu. Miaka tisa iliyopita lori lilimgonga mtoto wa shule begani kwenye ile barabara nyembamba chini ya kanisa, na Ambros akazunguka nyumba kwa nyumba akikusanya saini ili ijengwe njia ya miguu kando ya barabara, akaichora mwenyewe kwa penseli na rula, akasimama katika mkutano wa kijiji akaieleza hatua kwa hatua, nasi tukapiga kura, watu mia moja na kumi na wawili tukakubali na sabini na mmoja wakakataa. Baada ya hapo halmashauri ikaagiza ripoti ya mtaalamu, kisha ikaagiza ripoti ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa imepitwa na wakati, kisha ikasema barabara ni mali ya jimbo, kisha jimbo likajibu kwamba ukingo wa barabara ni mali ya kijiji, na mchoro ukaingia kwenye kabati la karani, na mpaka leo watoto wanatembea wakiwa wamebana ukuta. Kila mwaka, mkutano wa masika ulipofika kwenye kifungu cha mwisho, kile cha mengineyo, Ambros alisimama na kuuliza njia imefikia wapi, na mwenyekiti wetu, Bwana Leonz Planzer, alijibu kwa maneno yale yale, "Tumelipokea, tunalishughulikia," na karani akaandika hivyo, na mkutano ukafungwa, nasi tukaenda kula soseji na saladi ya viazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama pamoja naye, mimi nikiwemo. Mwaka wa saba alikuja lakini hakusimama, na mwaka wa nane hakuja kabisa.

Tangu hapo bahasha yake ya kura, ile tunayotumiwa sote kwa posta, ikifika, naye akija kuchukua barua zake, haifungui. Anaichomeka katikati ya magazeti ya zamani ambayo huyafunga kwa kamba na kuyaweka barabarani siku ya kukusanya karatasi. Kwenye mkahawa, tunapocheza karata Jumamosi mchana, anasema wazi mbele ya kila mtu: "Wanatuuliza tunataka nini ili wajue cha kuacha. Nyinyi pigeni kura zenu. Mimi nitapaka kigari changu grisi, maana kigari ukikipaka grisi kinakwenda." Watu wanacheka, na wengi, hata wale wanaopiga kura kila mara, wanatikisa kichwa kwamba ni kweli.

Mwaka huu viti viwili vya halmashauri vilibaki wazi na hakuna aliyetaka kugombea. Unaijua sheria ya jimbo letu: mpiga kura yeyote ambaye hajafika miaka sitini na mitano anaweza kuandikwa jina kwenye mstari mtupu wa karatasi ya kura hata kama hakuomba, na akipata kura za kutosha ni lazima ashike kazi kipindi kizima, apende asipende. Duru ya kwanza, mwezi wa tatu, majina yalitawanyika ovyo, hata mbuzi dume wa seremala Wendel alipata kura moja, ikabidi turudie mwezi wa nne, na duru ya pili mwenye kura nyingi ndiye anayechukua.

Wiki mbili kabla ya duru hiyo tulikuwa kwenye karata, na Ambros alikuwa amekwisha kutoa hotuba yake ya grisi na kuondoka kwenda kwenye kigari, ndipo mimi nikamwambia Wendel kwamba mtu anayejua makosa yote ya serikali ndiye apewe serikali, kwa hiyo tumwandike Ambros. Wendel alicheka mpaka karata zikamwanguka. Akasema, "Atatuua sote, shemeji yako huyo." Ingeishia hapo, mshauri, lakini mimi niliibeba mpaka dukani. Kila aliyekuja kununua mkate nilimwuliza atamwandika nani, na akisema hajui nilimwambia aandike Ambros Bissig, anayajua yote, na mtu alicheka, na nikaona usoni mwake kwamba amepata nafuu, maana kila aliyekuwa na jina la mwingine la kuandika alijiona hataandikwa yeye. Nilifanya hivyo siku kumi na mbili.

Ambros alipata kura hamsini na nane. Aliyemfuata alikuwa mwalimu mstaafu mwenye miaka sabini, ambaye kwa umri wake anasamehewa na sheria, akakataa kwa barua ya mistari mitatu, kwa hiyo kiti chake kitapigiwa kura tena mwezi wa sita.

Barua ya karani kwenda kwa Ambros ilikuja kwa kutiwa saini, nami ndiye niliyepaswa kumkabidhi. Aliifungua pale pale, akaisoma, ilianza kwa kusema kwamba halmashauri ina furaha kumpongeza, akaikunja tena kwa mikunjo yake ile ile, akaniuliza, "Shemeji, huu ni mzaha wa nani?"

Nikamjibu, "Watu wanakuamini."

Alinitazama kwa muda, kisha akaomba kalamu akatia saini kwamba amepokea. Jumapili yake vijana wakamsimamishia mti wa heshima mbele ya lango kama desturi inavyotaka, msonobari mrefu uliomenywa gome, na ubao wenye jina lake na cheo chake, nao wakasubiri awakaribishe mvinyo. Hakutoka. Asubuhi aliukata kwa msumeno vipande vya urefu sawa akavipanga kwenye kuni zake, na ubao akaurudisha kwenye ofisi ya kijiji akauegemeza mlangoni.

Sasa binamu yake ana chumba katika mji ulio ng'ambo ya ziwa, katika jimbo jingine, na mtu akihamisha makazi yake nje ya kijiji anapoteza kiti na sheria haimfuati. Aliposema atahamia huko nilidhani ni hasira za siku mbili. Regula alikuja dukani Jumanne, akangoja wateja waishe, akasema, "Dada, ameshachukua fomu ya kuhama. Anasema mwisho wa mwezi huu. Na mimi siwezi kuwa na mume wa Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo tutakwenda wote." Nikamwuliza, na Mama? Akasema, "Mama atakuja nasi mjini kwenye vyumba vitatu, au atakuja kwako kwenye ngazi zako kumi na saba. Chagua wewe." Mama hawezi hata ngazi ya tatu. Alipoambiwa alisema ameishi miaka themanini na minne na hajawahi kuona mtu akikimbia kijiji kwa kuchaguliwa.

Halafu Mama akasema jambo ambalo limeninyima raha kuliko yote. Unajua kwamba wanawake wa nchi hii walipewa kura wakati yeye ana miaka thelathini na mmoja, tayari ameolewa, na tangu hapo hajakosa hata mara moja, anaandika polepole kwa herufi za shule. Akaniambia, "Mimi nilimwandika Ambros. Wewe uliniambia anafaa, na nilipofikiri nikaona ni kweli. Sasa mnasema watu walikuwa wanacheka?"

Kingine ni Wendel. Regula ameshika kwamba yeye ndiye aliyeanzisha, kwa sababu ya yule mbuzi, hamsalimu tena, na kazi ya roshani aliyokuwa amempa ameifuta. Wendel hajanitaja. Juzi alinunua mkate, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Nitaubeba mpaka lini mzigo wako huu, mama?" nami nikamrudishia chenji kama sikusikia.

Na mwisho, mshauri, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mwezi wa pili Bwana Leonz alinijia kuniomba nigombee, akasema najua kuandika, najua kuhesabu na ninajua watu, nikamwambia duka haliniruhusu. Kisha mke wa Wendel akaninong'oneza kwamba wako watu wanaotaka kuniandika mimi. Nilisikia hivyo Ijumaa. Jumamosi ndipo niliposema, tumwandike Ambros.

Je, nimwambie kwamba ni mimi? Nikimwambia, ataondoka akiwa amenichukia mimi na si kijiji, na Regula atamfuata, na Mama sitamwona. Nikinyamaza, huenda hasira ikapoa akabaki. Nimwache Wendel aubebe kidogo tu mpaka mwezi uishe? Na hata akibaki, atakaaje miaka minne kwenye meza ya watu asiowaamini? Naomba ushauri wako, na usinihurumie sana.

Mwenye duka, bondeni

*

Dada mwenye duka,

Umeomba nisikuhurumie sana, na katika hilo nitakutii bila taabu. Barua yako ina kurasa nne. Kurasa tatu zinaeleza mzaha, na katika aya ya mwisho ya ukurasa wa nne ndipo unaposema ukweli. Uliogopa kuandikwa, ukamsukuma mume wa mdogo wako mbele yako. Kama ungeanzia hapo ungetumia ukurasa mmoja.

Nianze na lile ambalo sikulaumu. Sheria hii ya kumlazimisha mtu kazi aliyopewa na majirani ni ngumu, na wengi wetu mabondeni tumeichezea mchezo kama wako. Jirani anayetukera anaandikwa. Anayesema sana anaandikwa ili anyamaze. Tunajisifu kwa wageni kwamba hapa kila mtu anaweza kuchaguliwa, kisha wenyewe kwa wenyewe tunatumia kuchaguliwa kama adhabu. Usidhani kwamba wewe ndiwe uliyebuni ubaya huu. Ulichofanya ni kuusambaza siku kumi na mbili, pamoja na mkate.

Sasa kuhusu Ambros. Unaniandikia kana kwamba ugonjwa wake ni kukata tamaa, nami naona unamsoma vibaya. Mtu aliyeshindwa kwa kura anajua la kufanya: ananuna wiki moja, anajipanga upya, anasubiri mwaka mwingine. Ambros alishinda. Alikusanya saini, akachora, akaeleza, akapata watu mia moja na kumi na wawili, kisha akaulizia ushindi wake miaka sita na kujibiwa kwamba umepokelewa. Mtu wa namna hiyo aende wapi? Hana wa kukata rufaa kwake, kwa sababu hakuna aliyemkatalia. Msimcheke mkahawani kwa kuchomeka bahasha katikati ya magazeti. Alipofanya hivyo alikuwa mwaminifu kuliko ninyi mliokuwa mnapiga kura kila mara na kutikisa kichwa kwamba haina maana.

Na ninyi mia moja na kumi na wawili mlikuwa wapi alipokuwa anasimama peke yake? Mlikuwa mnangoja soseji. Kila mwaka mwenyekiti alitazama ukumbini akamwona mtu mmoja amesimama na wengine wameketi, akahesabu kama mwenyekiti yeyote anavyohesabu. Bwana Leonz ana makosa yake, nami simwondolei hata moja. Lakini kura mliyopiga siku moja mliiacha ikae kwenye kabati miaka tisa, na kabati halikuwa na kufuli. Karatasi za kijiji ni za kijiji. Mpiga kura yeyote angeweza kwenda kuziomba, akaandika hoja, akataka ijibiwe kwa maandishi katika mkutano unaofuata. Wewe ungeweza, na unasema mwenyewe kwamba unajua kuandika.

Kisha akapewa ile barua kwenye kaunta yako, akakuuliza kwa jina la undugu mzaha ni wa nani, nawe ukamjibu kwamba watu wanamwamini. Hapo, dada, ndipo nilipoiweka barua yako mezani nikanywa chai kwanza. Neno ambalo alikuwa amelingoja miaka tisa ulilitumia kujifichia. Unajuaje kwamba hakutamani kukuamini, hata kwa muda ule mfupi aliokutazama? Mimi nadhani alitamani, na aliposhindwa akaomba kalamu.

Lakini jambo moja katika barua yako limenipa tumaini, nalo umelileta kama jambo la kukuumiza. Mama yako alimwandika kwa dhati. Unazo kura hamsini na nane na unaziita zote mzaha kwa sababu wewe ulikuwa unacheka. Ni nani aliyekupa ruhusa ya kusema kwa niaba ya wengine hamsini na saba? Mtu anaweza kutoka dukani kwako akicheka, akafika nyumbani, akakaa na karatasi yake mezani, akakumbuka nani alizunguka na saini baada ya mtoto kugongwa, akaandika jina lile lile kwa sababu nyingine kabisa. Si wewe wala si mimi tunaojua ni wangapi walikuwa hivyo. Huenda ni watatu, huenda ni arobaini. Ndiyo maana karatasi ya kura haina mahali pa kuandika kwamba ulikuwa unatania. Ukishaiweka kwenye bahasha ukaitia saini kadi yako ya mpiga kura, umesema.

Umeniuliza kama ni bora kunyamaza mpaka mwezi uishe. Hapana. Umeniuliza kama Wendel anaweza kuubeba kidogo zaidi. Hapana, hata siku moja, na ile chenji uliyomrudishia kama hukusikia ni aibu ambayo sitairefusha kwa maneno. Unaogopa kwamba Ambros akijua atakuchukia wewe badala ya kijiji. Vizuri. Akuchukie wewe. Mtu anayemchukia shemeji yake anaweza kuendelea kuishi nyumba ya tatu kutoka kwake, ndugu wengi wanaishi hivyo na Krismasi wanakula meza moja. Mtu anayeamini kwamba kijiji kizima kilikaa kikamcheka hana budi kuondoka. Kwa kunyamaza kwako unamfanya awachukie watu mia tatu kwa kosa la mmoja.

Kwa hiyo utafanya hivi, na kwa mpango huu, usiupindue.

Kwanza utakwenda kwa karani, kabla hujakwenda kwa mtu mwingine yeyote. Kiti cha pili kiko wazi na kura yake ni mwezi wa sita. Utaomba fomu, utaandika jina lako kwa mkono wako, na utaiacha pale. Usiniambie habari za duka. Halmashauri yenu inakutana mara mbili kwa mwezi, na kijiji ambacho kiliweza kuishi bila njia ya miguu miaka tisa kitaweza kuishi bila siagi saa mbili za jioni. Ukiwa pale utamwomba karani pia ule mchoro wa penseli na ripoti zote mbili, nawe hutatoka mpaka umepewa nakala.

Kisha utakwenda nyumbani kwa mdogo wako wakati Ambros, Regula na Mama wako pamoja. Usichukue jibini, usichukue keki, usichukue chochote mkononi isipokuwa nakala zile. Utawaambia kwa mpangilio: kwamba Leonz alikuomba ukakataa, kwamba uliambiwa utaandikwa, kwamba uliogopa, kwamba jina la Ambros lilitoka kinywani mwako, na kwamba Wendel aliibeba lawama yako akanyamaza. Anza na woga na uuseme kwa jina lake. Usitumie neno mzaha. Usilie kabla hujamaliza, maana ukilia Regula atakubembeleza na habari itaishia njiani.

Ukimaliza, mwambie Ambros kwamba umekwisha kuweka jina lako kwa kiti cha pili. Sikiliza neno umekwisha. Ndiyo sababu ya kwenda kwa karani kwanza. Ukimwambia kwamba utagombea endapo atabaki, utakuwa unamnunua, naye amekwisha kupewa ahadi nyingi za endapo. Mwambie limefanyika na litabaki hivyo hata akihama kesho. Halafu weka nakala mezani, useme kwamba utaisimamia njia ile mwenyewe kwenye halmashauri, akiwepo au asipokuwepo, na kwamba safari hii kwenye kifungu cha mengineyo hatasimama mtu mmoja.

Usimwombe abaki. Hilo ni gumu kuliko yote na ndilo ninalolisisitiza. Umeshamfanyia uamuzi mmoja bila kumwuliza. Kuna njia halali pia ya kumwomba mwenyekiti amwondolee mtu wajibu huo kwa sababu ya msingi, na kama akiitaka hiyo, wewe ndiwe utakayeiandika barua na kueleza ndani yake kwa nini kura zile zilipatikana, na utaweka jina lako chini. Kama akichagua kukaa kwenye kiti, asikae kwa sababu amesamehe. Akae kwa sababu ana kazi ya miaka tisa ambayo haijaisha. Kutokumwamini Leonz si kizuizi. Nimekaa kwenye mikutano ya vijiji muda mrefu, na wajumbe waliofaa zaidi walikuwa wale waliosoma kila ripoti mara mbili kwa sababu hawakumwamini aliyeileta. Halmashauri iliyojaa watu wanaoaminiana kupita kiasi ndiyo inayopokea na kushughulikia.

Baadaye, siku hiyo hiyo, Regula atakwenda kwa Wendel, na wewe utakwenda pamoja naye, na utasimama kando wakati anaomba radhi kwa kosa ulilomtwika. Kisha utaomba ya kwako.

Naye Mama yako mwambie kwamba kura yake ilikuwa halali na ilikuwa ya kweli, na kwamba ulikosea kumruhusu aone haya kwa ajili yake hata saa moja.

Sasa kuna jambo la mwisho. Uliniandikia gazetini, na gazetini ndimo ninamojibu. Majina nimeyabadilisha, lakini bonde letu ni dogo, na mtu yeyote akisoma habari za kigari cha kamba, mwalimu wa miaka sabini na mti uliokatwa atajua ni kijiji gani kabla hajafika katikati ya safu. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwa posta, nawe utalipokea Jumamosi, kwa kuwa barua zote za kijiji zinapitia kwako. Gazeti litatoka Alhamisi. Ambros asije akalisoma hapa jambo ambalo hajalisikia kutoka kwako.

Ofisi ya karani inafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Bandika karatasi kwenye mlango wa duka kwamba siku hiyo mkate utauzwa kuanzia saa nne, na mteja wa kwanza akikuuliza ulikuwa wapi, mwambie.